Tarakimu Moja

Barua ilifika Jumanne, ya adabu iliyozidi:
Mteja mpendwa, usiku wa Ijumaa tutakuboreshea.
Hawakuuliza. Lini wingu liliuliza paa?

Mimi ni Quitéria Lobato, wa ghala la vizibo, Coruche,
mwenye kiti kinachoyumba na dirisha la kusini.
Nina mistari elfu nne ya msimbo niliyoishona kwa mkono
pembezoni mwa mfumo usio wangu,
kama mpangaji aliyepigilia rafu
kwenye ukuta wa mwenye nyumba.

Huku mwaloni hubanduliwa gamba mara moja kwa miaka tisa.
Mbanduaji akimaliza hupaka tarakimu moja shinani, nyeupe:
tano kwa mwaka ishirini na tano,
nane kwa mwaka kumi na nane.
Kisha mti huachwa na haya zake,
mwekundu kama mtu aliyevuliwa shati mbele ya watu,
hadi gamba lirudi.

Hakuna mfumo uliozaliwa ukiijua tarakimu hiyo.
Ndiyo maana niliitengenezea kisanduku.
Kidogo tu, cha herufi moja.
Nikakiita "mwaka". Nilikuwa kijana.

Jumamosi, saa moja asubuhi, Belmiro akapiga simu
kutoka shambani, shoka zikisikika nyuma yake:
"Kompyuta inasema tubandue yote.
Yote, Quitéria. Hata ya mwaka jana."

Nilijua kabla sijakaa.
Waungwana wa wingu nao wametengeneza kisanduku,
nao wamekiita "mwaka".
Chao kina tarakimu nne, kina kalenda, kina rangi ya kupendeza.
Changu kimemezwa.
Tano imesomwa mwaka wa tano, zama za Warumi,
na miti elfu kumi na moja inadaiwa
magamba ya karne ishirini.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa.
Mgeni huyu huja watu wamelala,
hupanga upya vyombo vya jikoni,
na asubuhi mwenyeji anapapasa akitafuta chumvi.

"Shoka chini," nikamwambia.
"Miwili," akasema. Akahesabu tena. "Mitatu. Tumeshaigusa.
Vijana wapya hawa wanaiamini tableti kuliko rangi."
Nikasikia pumzi yake tu, na ndege mmoja.
Mti uliobanduliwa kabla ya wakati
hauandiki malalamiko. Haupangi foleni ya huduma kwa wateja.

Niseme na hili, maana bosi hakuuliza:
walikuwa wamenipa chumba cha majaribio,
pacha wa mfumo, wiki tatu nzima kabla.
Sikufungua mlango.
Zilikuwa ankara za robo mwaka, lilikuwa goti la mama,
na mara tano zilizotangulia hakikuvunjika kitu.

Jumamosi ile nilikula mkate juu ya kibodi.
Kila kilicho changu nikakipa jina la ukoo,
kama nguo za mtoto aendaye shule ya bweni,
kisichanganywe na cha mtu tena.
Nikaandika majaribio yanayoamka saa tisa usiku
kuuliza maswali ya kipumbavu:
tano bado ni tano?
Nane je?
Mistari mia tisa nikaifuta kabisa.
Wingu siku hizi linaijua kazi hiyo,
na mimi nilikuwa naitunza kwa kiburi tu.

Jumapili nikaenda kuiona ile mitatu.
Belmiro alikuwa ameipaka tarakimu mpya kando ya ya zamani,
bila kunyoosha mkono vizuri.
Tisa na sita, zikitazamana.
Utomvu ulikuwa umekauka ukingoni mwa jeraha.
Nikaweka kiganja. Palikuwa na joto, sijui la jua au la mti.

Barua ya Novemba imeshafika.
Adabu ileile, mteja mpendwa yuleyule.
Nimefungua chumba cha majaribio, nimewasha taa,
nimemwita Belmiro aje na ndoo yake ya rangi,
akae karibu yangu, asome tarakimu kwa sauti,
moja
moja.